Farasi wa d3

Asanteni kwa kunikaribisha. Ubao mnaouona ukutani ni wa mchezo wa 16 wa kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji (chess), Moscow, Oktoba 1985. Kete nyeupe ni za Anatoly Karpov, bingwa wa dunia. Nyeusi ni za Garry Kasparov, kijana wa miaka 22, naye amejibu kwa Sisilia, mojawapo ya njia za nyeusi za kufungua mchezo. Michezo 15 imeshapita na wako sawa, pointi saba na nusu kwa saba na nusu.

Niseme mapema: hatua ya nane ya Kasparov, askari kwenda mraba wa d5 (herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo), ni mbovu. Msinune, ni mbovu kweli! Anatoa askari bure. Alikwisha kuijaribu kwenye mchezo wa 12, wakatoka sare. Mwaka uliofuata, mjini Brussels, mchezaji wa Uholanzi, John van der Wiel, akairudia mbele ya Karpov. Safari hii Karpov akapeleka askofu e3 kwenye hatua ya 12, na chambo kikaoza palepale. Lakini siku hii ya Moscow dawa hiyo hakuitumia.

Sasa twende hatua ya 16. Farasi mweusi anatua d3. Mtazameni vizuri, maana kwa kweli ni yeye aliyenileta hapa leo. Yumo ndani kabisa ya nyumba ya watu, na askofu wa f5 anamlinda kutoka nyuma. Anakaba c1 na e1, basi ngome za Karpov hazina pa kutokea. Anakaba b2 vilevile. Yule farasi mweupe anayekwenda kukaa a4 atarudi kwa njia gani? Mwenzake yuko b1. Askari mweusi akishafika b4, anamzibia a3 na c3. Imebaki d2, na hapo amekaa malkia wake mwenyewe!

Na ukihesabu kete, Karpov ndiye anayeongoza. Askari wake wa ziada bado yuko ubaoni; Kasparov hana haraka naye, anakuja kumla hatua ya 30.

Hatua ya 34 Karpov anakata shauri: malkia anamla farasi wa d3. Farasi wa pili anarukia f2, anamtishia mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Ngome inamla huyo farasi, askofu anamla malkia. Hatua ya 40 ngome nyeusi ikatua e1, mraba uleule uliokabwa tangu mwanzo, na Karpov akasalimu amri.