Stendraivu Iliyochoka: Kuifufua au Kufunga Nyingine?

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunakwenda tezini, kule nyuma ya boti, kwa wale wenye boti ambazo injini imekaa ndani na mguu wa gia uko nje, yaani stendraivu. Boti imekula miaka, fundi amemwaga oili ya mguu, ikatoka nyeupe kama maziwa. Sasa mwenye boti anauliza: niufungue niufufue, au ninunue mwingine? Kaka Bakari, najua una msimamo.

BAKARI: Ninao, dada Zuhura. Usiamue kwa kutazama gia, amua kwa kutazama kasha, lile ganda la nje linalobeba gia. Gia, beringi, sili za kuzuia maji na oili, shafti, vyote vinauzwa. Lakini kasha la alumini likishaliwa na chumvi mpaka pale sili inapokaa, hapo umebaki na sanduku la spea. Utafunga sili mpya leo, na maji yatapita pembeni yake kesho.

ZUHURA: Kabla hatujaenda mbali, kuna wanaosikia jambo hili kwa mara ya kwanza. Tuwaeleze huo mguu unafanyaje kazi.

BAKARI: Nguvu inatoka kwenye injini, inapita katika ukuta wa tezi kwa shafti yenye jointi za msalaba, inaingia kasha la juu. Pale inageuzwa na gia kwenda chini kwa shafti ya wima. Kule chini inageuzwa tena kwenda nyuma kwenye propela. Kona mbili za nyuzi tisini, zote ndani ya oili, na maji yamezunguka nje. Volvo Penta walionyesha Aquamatic yao kule New York mwaka 1959, na muundo wa msingi ni uleule hadi leo. Faida ni kwamba unainua mguu na kuushusha, na unakata kona kwa kuugeuza mguu wenyewe. Gharama yake ni kwamba sili na mipira mingi imekaa mahali pabaya kuliko pote kwenye boti.

ZUHURA: Turudi kwenye ile oili nyeupe. Wengi wakiiona wanakata tamaa.

BAKARI: Oili nyeupe inakwambia maji yameingia. Haikwambii yameingia lini, na hilo ndilo la kutafuta. Kama uliangalia chupa ya oili wiki iliyopita ikawa safi, leo ukaona weupe, ukasimamisha boti na kumwaga siku hiyohiyo, huenda kazi ni sili tu. Kama boti iliegeshwa msimu mzima na maji ndani, basi beringi zimekaa na unyevu zikiwa zimetulia mahali pamoja. Kila rola inaacha alama ya kutu pale ilipolala. Ukiisafisha alama hiyo, inabaki shimo dogo, na shimo hilo litaendelea kumeguka kila likipita chini ya mzigo.

ZUHURA: Na sumaku ya kwenye skrubu ya kumwagia?

BAKARI: Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino la gia au beringi. Ukiona hivyo usiwashe injini tena hata kwa kujaribu, kwa sababu vipande hivyo vinapita kwenye gia ambazo bado ni nzima.

ZUHURA: Mimi hudai jambo moja kabla ya mtu yeyote kushika spana: mguu upimwe kwa hewa. Unamwaga oili, unapiga hewa kidogo ndani, unausikiliza na kuupaka maji ya sabuni. Kisha unanyonya hewa, maana kuna sili inayozuia oili kutoka lakini hairudishi maji nyuma. Na uanze na hewa ndogo, kwani ikiwa nyingi hubana mdomo wa sili na kuficha tundu. Fundi asiyepima hivyo anabahatisha kwa pesa yako.

BAKARI: Kweli kabisa. Na kipimo hicho kirudiwe baada ya kazi, kabla oili mpya haijaingia.

ZUHURA: Sasa kasha. Mtu anajuaje kwamba limeliwa?

BAKARI: Kwanza aangalie anodi, zile zinki zinazofungwa ili ziliwe badala ya kasha. Zikiwa zimebaki chini ya nusu, au zimepakwa rangi, kasha lenyewe limekuwa likiliwa. Kisha rangi iliyovimba: ikwangue, utakuta unga mweupe. Kwenye ngozi ya nje, ukiukwangua ukafika kwenye alumini ngumu, sawa, safisha, paka praima inayofaa alumini, endelea. Ila toa propela, tazama kikombe kinachoshika beringi ya shafti, pale nyuma. Wakati mwingine hakitoki mpaka kipashwe moto na kuvutwa kwa nguvu, na kikitoka kinang'oa nyuzi za kasha. Hapo mjadala umekwisha. Tazama pia njia za maji ya kupoozea na uso ambako kasha la juu linakutana na la chini.

ZUHURA: Kuna kosa linaloniuma ninapoliona: boti inapakwa chini rangi yenye shaba ya kuzuia chaza, na mguu nao unapakwa humohumo. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi haviwezi kuishi pamoja. Ukinunua mguu mpya na ukaupaka rangi ile, umeanza kuutafuna siku ya kwanza.

BAKARI: Na kama boti inaunganishwa na umeme wa gatini bila kizuizi cha mkondo kwenye waya wa ardhi, anodi zako zinawalinda majirani wote. Mguu mpya hautabadilisha hilo.

ZUHURA: Tuseme kasha ni zima. Unafufua?

BAKARI: Bado. Sasa ingia ndani ya boti. Mguu umefungwa kwenye mkusanyiko wa ukutani: pete ya gimbali inayoubeba mguu na kuuruhusu kugeuka, beringi yake, mpira wa mikunjo unaofunika jointi, mpira wa moshi, kebo ya gia. Shika mguu kwa mikono miwili, usukume kushoto na kulia huku usukani umetulia. Mguu ukicheza sana, pini ya usukani imekwisha. Ukisikia ngurumo unapokata kona, huenda beringi ya gimbali imelowa kwa sababu mpira umepasuka. Na mpira huo ukipasuka maji hayaishii kwenye beringi, yanaingia ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Kuna boti zimezama zikiwa zimefungwa gatini kwa sababu ya mpira tu.

ZUHURA: Na ukuta wenyewe wa tezi. Katika boti nyingi za zamani ni plaiwudi iliyofunikwa faibaglasi. Ugonge kwa nyundo ndogo kuzunguka lile tundu. Ukuta ukitoa sauti nzito iliyokufa, ubao umelowa. Kufunga mguu mpya kwenye ukuta uliooza ni kutupa pesa, nalisema hili bila kulainisha.

BAKARI: Tena kabla ya kurudisha mguu wowote, wa zamani au mpya, injini ipangwe kwa ile fimbo ya kupimia mstari. Ikikaa chini kidogo tu, meno ya kapulini, kiungo cha injini na shafti, yatasagika, na mtu atasema mguu mpya ni mbovu.

ZUHURA: Sasa tulinganishe. Mtu ana kasha zima, ukuta mzima, gia zimeharibika chini tu.

BAKARI: Huyo anunue sehemu ya chini peke yake, au aifufue. Lakini ajue mguu wake ni wa aina gani. Kampuni ya MerCruiser ina miguu ya Alpha na ya Bravo. Kwa Alpha, klachi, yaani sehemu inayoshika na kuachia gia, iko chini, na pampu ya maji iko chini pia. Kwa Bravo, klachi ni ya koni, iko juu, na pampu iko kwenye injini. Kwa hiyo gia ikikataa kuingia kwenye Alpha unatafuta chini au kwenye kebo, kwenye Bravo unatafuta juu au kwenye kebo. Nasisitiza kebo! Ni kitu cha bei ndogo, na kimewafanya watu wafungue giaboksi nzima.

ZUHURA: Na uwiano wa gia?

BAKARI: Huo ndio mtego wa anayenunua. Miguu miwili inaweza kufanana kwa nje mpaka kwenye boliti. Mmoja ni 1.50, mwingine 2.00. Injini ikizunguka 4,800 kwa dakika, propela ya kwanza inazunguka 3,200, ya pili 2,400. Ukikosea, ama injini inalemewa kwa mzigo, ama inapita mizunguko iliyopangiwa. Soma namba iliyogongwa kwenye kasha, usiamini neno la muuzaji.

ZUHURA: Wenye injini mbili?

BAKARI: Wawe waangalifu mara mbili. Uwiano lazima ulingane, na mara nyingi propela zinazunguka kinyume. Bravo One inaweza kupangwa izunguke upande wowote, Alpha inahitaji sehemu ya chini iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Tena kama mmoja umekwisha kwa uchakavu, wa pili una saa zilezile. Usiusubiri. Ufungue, au angalau uupime.

ZUHURA: Mimi napenda kufufua pale kazi inapofanywa na mtu anayepima. Gia za pineni na za mbele zinakuja zimelinganishwa, huwezi kuchukua moja mpya na moja kuukuu. Nafasi kati ya meno inapimwa kwa geji yenye mshale kama saa na kurekebishwa kwa shimu, vile vipande vyembamba vya kujazia nafasi. Fundi akikwambia anajua kwa mkono, chukua mguu wako urudi nao nyumbani.

BAKARI: Na kama huna fundi wa namna hiyo, mguu uliofufuliwa na kiwanda kwa kubadilishana na wako ni njia nzuri, kwani unakuja na dhamana na kasha lililokaguliwa. Ila uulize kwanza kama kasha lako litakubaliwa. Lililoliwa sana halipokelewi, na bei inapanda.

ZUHURA: Wale wenye miguu ya OMC, Outboard Marine Corporation ya Marekani, je? Kampuni ilifilisika Desemba 2000.

BAKARI: Spea nyingine bado zinapatikana, nyingine ni za kusaka kwenye miguu iliyovunjwa. Kwa hao, ikiwa uharibifu ni wa sili na beringi, fufua. Ikiwa ni gia au kasha, mimi ningeanza kufikiria mfumo mwingine mzima. Hata injini ya nje, ingawa hapo lazima uzibe lile tundu la tezi, uimarishe ukuta na kukubali uzito kuhamia nyuma.

ZUHURA: Swali la mwisho, la mkato. Fundi ameufungua, amekupa orodha ya spea. Unakata shauri vipi?

BAKARI: Naweka kikomo kabla haujafunguliwa, kwa sababu ukishautazama mezani huruma inaingia. Jumla ya spea na kazi ikipita nusu ya bei ya mguu kamili wenye dhamana, nanunua. Ikiwa chini ya hapo na kasha ni safi, nafufua, na mipira yote naibadilisha papo hapo bila kuuliza, pamoja na impela ya pampu ya maji.

ZUHURA: Kasha lenu likiwa na dalili ambayo hatukuitaja, tutumieni picha ya pale sili inapokaa, iwe karibu na yenye mwanga. Tutaijibu kipindi kijacho.