Nyasi Nzuri Iliyotoka Kwetu

Wanafunzi wangu, shuke hili nimelichuma alfajiri, hapo nje kando ya barabara. Lishikeni, lipitisheni na nyuma. Likichanua huwa la waridi lenye wekundu. Likikomaa hupauka likawa kama fedha, na jua la jioni likilipiga unatamani usimame tu uliangalie. Kitaalamu ni Melinis repens, nyasi ya Natal. Asili yake ni Afrika, yetu kabisa.

Hapa nyumbani humea kwenye shamba la mahindi lililoachwa, kwenye tuta la barabara, popote jembe au greda lilipopita. Huishi msimu mmoja, pengine zaidi kidogo, kisha nyasi za kudumu huipiku. Inafunika kidonda cha ardhi, basi.

Sasa twende Florida, Marekani. Karne ya 19 wakulima wa huko, wenye mchanga usiotoa malisho, waliletewa nyasi hii wakaipanda, wakaikata, wakaikausha iwe chakula cha mifugo. Siwalaumu, mfugaji aliyekosa majani angefanya hivyo hivyo. Lakini hebu pulizeni hilo shuke. Mmeona? Kila mbegu ina manyoya ya hariri. Upepo huibeba, mnyama huibeba, hata suruali yangu hii imebeba. Ikatoka mashambani, ikaingia kwenye vichaka vya mchangani.

Hapo tukae kidogo. Vichaka vile vina mabaka ya mchanga mweupe, mtupu. Asiyejua huona ardhi ya bure. Kumbe yupo ndege wa buluu, wa jamii ya kunguru, asiyepatikana popote duniani ila Florida. Huzika mbegu za mwaloni katika mchanga huo, akiba yake ya miezi ya shida. Mimea midogo iliyo adimu nayo huota humo, penye jua. Nyasi yetu inayajaza mabaka hayo. Ikikauka, moto uliokuwa ukifia mchangani hupata pa kupitia, na baada ya moto nyasi hiyo huwahi kurudi. Inaniuma, maana naipenda nyasi hii.

Mexico nako imefuata barabara. Wameiita nyasi ya waridi. Na kutoka pande hizo hizo za Amerika sisi tumepata gugu karoti, mmea wa msimu wenye vijiua vyeupe vya kupendeza, ambao Arusha wanaujua vizuri. Kesho tunakwenda kuung'oa kabla haujatoa mbegu. Njooni na glavu na nguo za mikono mirefu, unawasha ngozi.