Jina Halitoshi: Kutunza Vigezo vya Pamoja vya Vifaa Katika Modeli ya Jengo

Ndugu wahandisi, wasanifu na nyote mnaofanya kazi na modeli za majengo, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia vigezo vya pamoja, yaani nafasi za data zinazotumika kwa pamoja kwenye faili nyingi, vile vinavyobeba data ya pampu, feni, viyoyozi na swichibodi. Mifano yangu ni ya Revit, programu ya kutengeneza modeli za majengo, kwa kuwa wengi wenu mnaitumia kila siku.

Chukueni jedwali la pampu lenye safu ya mtiririko. Pampu tisa zinaonyesha namba, tatu ziko tupu. Unabofya mojawapo ya zile tatu, unaangalia sifa zake, na mtiririko upo, umejazwa vizuri. Mbona basi jedwali halisomi? Ukitazama tena kwa makini unakuta mistari miwili yenye jina lilelile, mmoja umejazwa, mwingine mtupu.

Programu haifuati jina. Kigezo cha pamoja kinapotengenezwa hupewa utambulisho wa kipekee wa herufi na tarakimu 32, na huo ndio unaosomwa na majedwali na lebo. Fungueni faili ya vigezo, ambayo ni faili ya maandishi ya kawaida, mtauona: mstari unaanza na neno PARAM, unafuata utambulisho, kisha jina, kisha aina ya data. Aliyechora pampu zile tatu alitengeneza kigezo kwenye faili yake mwenyewe na kukiita kama mnavyokiita ninyi. Kwenu ni kitu kimoja. Kwa programu ni viwili visivyojuana.

Nalisisitiza hili kwa sababu timu nyingi huhangaika kusawazisha majina zikidhani ndiyo tiba. Siyo. Inabidi kuingia kwenye familia yenyewe, yaani faili iliyochorwa kifaa hicho, kukigeuza kigezo kigeni kiwe cha familia hiyo tu kwa jina la muda, halafu kukibadilisha kiwe kile cha faili yenu. Kwa njia hiyo thamani na fomula hubaki. Ukikifuta tu, zimekwenda nacho.

Aina ya data nayo haibadilishiki baadaye. Tuseme mtiririko wa hewa umewekwa kama maandishi, na mtu ameandika 500. Mia tano za nini? Zikiwa lita kwa sekunde, ni sawa na mita za ujazo 1,800 kwa saa. Atakayezisoma kama mita za ujazo kwa saa ataagiza feni isiyofikia hata theluthi ya inayotakiwa. Kigezo kilichosajiliwa kama mtiririko wa hewa kingebeba kipimo chake, tena kingejumlishika kwenye jedwali.

Kuna swali jingine linalowapiga chenga wengi: data hii ni ya aina, au ya kifaa kimoja kimoja? Mtengenezaji na uwezo ni vya aina. Namba ya siriali na tarehe ya kufungwa ni vya kifaa chenyewe. Ukiiweka namba ya siriali kwenye aina, pampu zote za aina hiyo zitakuwa na namba moja. IFC, muundo wa wazi wa kubadilishana modeli uliosanifishwa kama ISO 16739, umetenganisha hivyohivyo: mtengenezaji yumo kwenye seti ya sifa iitwayo Pset_ManufacturerTypeInformation, namba ya siriali kwenye Pset_ManufacturerOccurrence. Kabla ya kubuni kigezo kipya, angalieni huko kwanza. Mara nyingi kimeshafikiriwa.

Faili ya vigezo ishikwe na mtu mmoja, wengine waisome tu. Anayetaka kigezo kipya aombe, aseme ni cha kifaa gani, nani atakijaza na lini. Hilo la nani atakijaza ndilo ninalolikazania zaidi. Mbunifu hawezi kujua namba ya siriali ya pampu ambayo haijanunuliwa. Atakayeijua ni mkandarasi, siku ya kuifunga, akiisoma kwenye bamba lililo ubavuni mwake. Basi wajibu huo uandikwe kwenye mkataba wake kabla kazi haijaanza, pamoja na orodha ya vigezo anavyotakiwa kujaza.

Karibuni kwa maswali.