Kwenye maji safi kila sensa ni bingwa

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa, twende. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa kwenye nafaka, hasa aflatoxini B1, huioni, huionji, na ukiipika haiishi, na IARC, wale wa utafiti wa saratani, wameiweka kundi la 1, yaani inaleta saratani kwa binadamu, hapo hakuna ubishi. Ulaya kikomo chake kwenye nafaka ya kula ni mikrogramu 2 kwa kilo, piga hesabu sasa, hiyo ni gramu 2 ndani ya tani 1000! Maabara wanainasa kwa HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali na kuzipima, nzuri ila ghali na inataka fundi wake.

Sisi tunatafuta sensa, yaani kakijiti ka kutambua sumu, kama kale ka kupimia sukari. Unachapa elektrodi 3, vile vijia vya umeme, kwa wino juu ya plastiki, ile ya kupimia unaipaka chembe nano za dhahabu ili umeme upite vizuri, halafu unapandikiza kingamwili za kuidaka sumu.

Sasa hapa ndo watu hupotea. Molekuli yenyewe ndogo mno, uzito 312 tu, kingamwili mbili haziwezi kuishika kwa pamoja, so tunaweka mashindano: unatia aflatoxini nyingine iliyofungwa kimeng'enya igombee nafasi na ile ya kwenye sampuli, na hicho kimeng'enya ndo kinaleta mkondo wa umeme tunaousoma. Sumu ya sampuli ikiwa nyingi, ile yenye kimeng'enya inakosa pa kukaa, mkondo unashuka. Yaani ukiona mkondo mdogo usishangilie, hapo ndo pana balaa.

Na ndo maana mafuta na protini za nafaka zinatusumbua kuliko kitu chochote, maana zikiganda kwenye elektrodi mkondo unashuka vilevile, nafaka safi inasomeka ina sumu. Mtu akikuonyesha grafu tamu ya sensa yake, muulize alipima kwenye nini. Tunazimua sampuli, tunaziba nafasi wazi kwa BSA, protini ya damu ya ng'ombe, na kipimo tunakisawazisha kwa majimaji ya nafaka isiyo na sumu, sio kwa maji matupu.

Halafu sumu haisambai sawa, punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Chota juu, kati, chini, saga pamoja, ndo upime, la sivyo hata HPLC itakudanganya.

Eeh, dada pale mbele anauliza kama simu inaweza kusoma. Inaweza, kuna potenshiostati, vile vifaa vya kusoma mkondo wa elektrodi, ndogo za kuchomeka kwenye simu, hiyo wala sio kazi, kazi ni hayo mafuta.