Nondo Mmoja, Mavazi Mawili

Mabibi na mabwana, nianze na muhogo mchungu. Sote tunajua hauliwi hivihivi: huloweshwa, huanikwa, ndipo ukapikwa. Ndani yake mna kemikali iitwayo linamarini, na muhogo ukichubuka au kutafunwa, kemikali hiyo hutoa sumu ya sianidi. Basi linamarini hiyohiyo imo mwilini mwa nondo wadogo wa Ulaya wa jenasi ya Zygaena, na huitengeneza wenyewe. Ndiyo maana huruka mchana kweupe, taratibu, wala hawajifichi.

Leo nimewaletea mmoja, Zygaena ephialtes. Tazameni picha hii ya kwanza, wa kaskazini mwa milima ya Alps: mabawa ya mbele meusi yenye madoa mekundu, ya nyuma mekundu. Sasa huyu wa pili, wa Italia. Mabawa ya nyuma ni meusi yenye doa jeupe. Madoa ya mbele ni meupe, isipokuwa mawili yaliyo karibu na mwili, ambayo ni ya manjano, na tumbo limefungwa mkanda wa manjano. Ungeapa kwamba hawa si ndugu. Lakini ni spishi moja, na huzaana.

Walipozalishwa pamoja, ilionekana kwamba tofauti hiyo hubebwa hasa na jeni mbili. Moja huamua rangi, na nyekundu huishinda manjano. Nyingine huamua mchoro, na ule wa kaskazini huushinda wa kusini. Kwa hiyo wapo pia wenye mchoro wa kusini na rangi nyekundu.

Kwa nini mavazi mawili? Tazameni majirani. Kaskazini, Zygaena wengine wengi huvaa nyeusi na nyekundu. Kusini yupo Amata phegea, nondo wa familia nyingine kabisa, mweusi, madoa meupe, mkanda wa manjano. Naye pia ndege humtema.

Mwaka 1862 Henry Walter Bates, aliyeishi Amazon miaka 11, alieleza jinsi mdudu asiye na sumu anavyoiga sura ya mwenye sumu. Watu hulipenda sana jambo hilo, kwa sababu ni hila ya sungura. Mimi linanigusa zaidi lile la Fritz Müller, aliyekuwa Brazili, alilolieleza mwaka 1878: hata wenye sumu hufaidika kwa kufanana wao kwa wao. Kinda wa ndege hazaliwi akijua. Hujifunza kwa kuonja, na kila somo humgharimu nondo mmoja uhai. Wakivaa sare moja, gharama hiyo hugawanywa.

Ila haigawanywi sawasawa. Huko Italia Amata ndio wengi, tena hutangulia kuonekana msimu unapoanza. Zygaena ephialtes anapotoka na mkanda wake wa manjano, ndege wengi wameshafundishwa, na walioliwa katika kuwafundisha ni Amata.