Ada Tupu Haimfikishi Mchezaji Ngoma Mwisho wa Chuo

Mwadila, wana Tabora! Ahsanteni. Mwenyekiti, baba zangu na mama zangu wa vyama vya msingi, ndugu zangu viongozi wa vikundi vya ngoma, wazazi, na ninyi vijana mliojibanza kule mlangoni: sogeeni mbele, maneno haya ni yenu.

Sitapoteza muda kuwaambia ngoma ni urithi wetu. Aliyekulia kwenye ngoma za Hiari ya Moyo na manyanga hahitaji kuhadithiwa hilo. Wala sitaeleza Bagamoyo kuna nini. Chuo cha sanaa kipo tangu mwaka 1981, mnakijua, na tangu 2007 mnakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nimeitwa nizungumzie ufadhili wa vijana wanaokwenda kusomea ngoma chuoni, na wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Naanzia tumboni.

Kulikuwa na binti wa Urambo. Jina lake silitaji, kwa sababu mama yake yupo na uchungu haujamwisha. Binti huyo njuga alizifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kamba za dukani hakuwa nazo, na bado akiingia uwanjani wazee walikuwa wanasimama. Alimaliza kidato cha nne, akapata pasi zake za kutosha kuingia astashahada, akaomba chuo, akachaguliwa. Akajitokeza mfadhili. Mfadhili huyo naye simtaji. Ilifanyika hafla, ikaletwa ile hundi ya mfano, pana kama mlango, binti akashika upande mmoja na mfadhili upande wa pili, wakapigwa picha. Ada ya mwaka mzima ikalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Nataka tuwe wa haki: ililipwa yote, na kwa wakati. Nauli wakachanga ukoo. Godoro akapewa na shangazi.

Sasa nifuateni chuoni. Asubuhi mazoezi ya viungo. Baada ya hapo ngoma, na ngoma yenyewe si ya kukaa: unarukaruka, unachuchumaa, unainuka, mwalimu anasema rudia. Mchana sarakasi. Jioni mazoezi ya onyesho, maana kila muhula una onyesho lake. Huyu binti asubuhi alikunywa chai ya rangi na andazi moja. Mchana alijifanya anakwenda maktaba ili wenzake wasimwone haendi mgahawani. Usiku alikula ugali kwa mwenzake wa chumbani, na kwa aibu ya kula cha mtu alikuwa anakula tonge chache anasema ameshiba. Fedha ya kujikimu hakuna aliyemtumia, kwa kuwa nyumbani kila mtu alijua binti ana mfadhili.

Kufika katikati ya muhula wa pili, hedhi ilikuwa imekata. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, wakati jambo la kwanza ambalo angeulizwa ni nani kampa mimba? Muundi ukaanza kuuma. Akafunga kitambaa, akaendelea kucheza. Mguu ukavimba. Hospitali wakapiga picha, wakakuta mfupa umeingia ufa. Hakuanguka, hakugongwa na kitu. Daktari akamwambia apumzike kwa wiki kadhaa asikanyage kwa nguvu. Katika kozi ya ngoma hizo wiki ndizo mtihani wa vitendo, na mtihani wa vitendo ndio kozi yenyewe. Mfadhili alipopigiwa simu alijibu kwamba ada imeshalipwa, wajibu wake umekwisha. Picha ya hundi ilitoka kila mahali. Binti aliposhuka treni stesheni hapa mjini na gongo, hakuna aliyempiga picha.

Naona dada yangu pale anatikisa kichwa. Nimesimulia habari hii Nzega, nimeisimulia Kaliua, na nitaisimulia mpaka waifahamu wanaotoa fedha. Wataalamu wa tiba ya michezo hawabishani juu yake tena: msichana anayeutumikisha mwili kwa saa nyingi bila kula cha kutosha, hedhi inaweza kukata na mifupa ikadhoofika mpaka ikapasuka kwa uzito wake yeye mwenyewe. Hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi juu ya hali hiyo mwaka 2014. Na wavulana nao haiwaachi. Kumlipia mchezaji ada ukamnyima chakula ni kumkopesha mkulima mbegu ya tumbaku ukamnyima mbolea, halafu msimu wa soko ukamuuliza kwa nini majani ni mepesi.

Kuna mzee mmoja huwa ananijibu: hata wanafunzi wa uhazili wanashinda njaa, mbona wanamaliza? Mzee wangu, kwanza si haki nao kushinda njaa. Pili, mwanafunzi wa uhazili mwenye njaa ataumwa kichwa, lakini mtihani wake ataufanya amekaa kwenye kiti. Wa huyu ni kuruka! Kwa hiyo tusipimane kwa kulingana ada. Kozi mbili zinaweza kuwa na ada moja na gharama za kuishi zikawa mbali kabisa: huyu ana maleba ya kushona, ana nguo za mazoezi zinazochakaa kila mwezi, ana bima ya afya ambayo si ya mapambo.

Mwingine atasema aende Bodi ya Mikopo. Akisoma shahada ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sawa, aombe, na akipata bumu, ile fedha ya kujikimu, atakula. Lakini vijana wetu wengi wanaanzia astashahada na stashahada. Dirisha la mikopo ya stashahada lilipofunguliwa mwaka wa masomo 2023/2024 lilitaja fani za kipaumbele: afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Ngoma haikuwemo. Ufadhili wa Samia nao ni wa waliofanya vizuri sayansi kidato cha sita. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, naomba tusiichanganye humu kila mkutano: ile ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, irudishwe kwa biashara. Mtoto wa miaka 18 aliyeko darasani Bagamoyo atafanya biashara gani ili arejeshe?

Nije kwenye kuwachagua. Tukitaka kumpata mwenye kipaji tunafanya nini? Tunaita watu uwanjani, tunapanga vikundi, anayeshangiliwa sana ndiye. Kwa majirani zetu Wasukuma, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wanashindana hivyo hivyo: pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa mashindano ni utaratibu mzuri sana, umedumu vizazi na vizazi, naupenda. Kwa kugawa nafasi za masomo haufai. Umati unamwona mcheshi, anayecheza na nyoka, mwenye ndugu wengi. Haumwoni binti mpole anayekamata mapigo mapya baada ya kuonyeshwa mara mbili, na huyo ndiye atakayefaidi chuo.

Huko Uswisi kuna mashindano ya vijana wa baleti yanaitwa Prix de Lausanne, yalianza mwaka 1973, ya vijana wa miaka 15 hadi 18, na zawadi kubwa ni nafasi ya masomo. Majaji hawasubiri siku ya jukwaa. Wanakaa darasani kwa siku kadhaa wanamtazama kijana akifundishwa, na alama za darasani zinahesabiwa. Afya ya mshiriki inaangaliwa na madaktari. Na zawadi ile ina fungu la gharama za kuishi. Najua mtasema wale ni wazungu wa baleti, wana fedha. Wanazo. Lakini kumweka kijana darasani siku tatu na mwalimu mgeni kunahitaji faranga ngapi za Uswisi? Tuna madarasa ya shule za msingi yako tupu likizo nzima. Tuna maafisa utamaduni wilaya zote. Tuna wazee wanaojua ngoma, na tuna wahitimu wa Bagamoyo waliorudi nyumbani wanaofundisha bure vijijini bila mtu kuwauliza. Hao ndio jopo. Mjumbe mwenye mtoto au mpwa kwenye orodha atoke nje, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba alitoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na bado sijafika kwenye fedha. Basi haraka.

Mkoa huu unalima tumbaku. Misingi ya ushirika iko saba, imebandikwa kwenye ofisi zenu: wa tano ni elimu, mafunzo na taarifa, wa saba ni kujali jamii. Tuseme AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, inauza kilo 400,000 kwa msimu na wanachama wakakubali kukatwa shilingi 10 kwa kilo. Hiyo ni milioni 4. Mkutano mkuu upitishe, iingie kwenye makisio, Mrajis wa Vyama vya Ushirika aidhinishe. AMCOS mbili zikiungana zinamsomesha kijana mmoja na anakula kila siku. Ada ipelekwe chuoni, fedha ya chakula iende kwenye simu yake kila mwezi, isipitie kwa mjomba. Na mkataba uwe wa miaka yote ya kozi. Bora vijana wawili mpaka wahitimu kuliko kumi wa mwaka mmoja mmoja. Akiumia, analipiwa hata muhula anaourudia. Andikeni hilo wazi, msiliache kwa huruma ya kamati itakayokuwepo mwaka huo.

Habari ya vijana wenye kipaji ambao hawakupata pasi nne za kuingia astashahada, na habari ya wazazi wanaokataa binti asiende kucheza ngoma pwani, zote mbili nimelazimika kuziruka. Atakayetaka tuonane hapo nje chini ya mwembe, ninalo la kusema, na si fupi.

Wenyeviti na makatibu wa AMCOS, tafadhali msiondoke na mabasi ya kwanza. Mikutano mikuu yenu iko mbele. Kifungu hiki cha ufadhili kinataka kurasa mbili tu, tubaki tukiandike leo hii hii ili kila mmoja aondoke na nakala yake.