Nyumba ya Mwaka Mmoja: Tupige Hesabu Pamoja

Habari zenu wapendwa, mnaonitazama kutoka Tanga, Mwanza, Mbeya na popote mlipo. Mimi niko hapa Leicester, Uingereza. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, na leo nataka tuzungumze kuhusu malengo, kwa sababu meseji mnazonitumia zinanigusa sana. Nyingi zinafanana: “Dada, nikipata tu nafasi ya kuja huko, mwaka mmoja unanitosha. Najenga, namnunulia mama gari, narudi nafungua biashara.”

Sitaki kumkatisha mtu tamaa. Ila nimeona watu hapa wanafanya kazi kwa bidii, wanasaidia ndugu, wana afya, na bado kila siku wanajiona wameshindwa. Ukiwauliza wameshindwa nini, wanakutajia lengo ambalo halikuwahi kupigiwa hesabu.

Basi tupige. Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026, kima cha chini cha mshahara hapa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kazi za kuhudumia wazee, ambazo wengi wetu tunazifanya, mara nyingi zinalipa kima cha chini au juu kidogo tu. Kwa kima hicho cha 12.21, ukifanya saa 37 na nusu kwa wiki, kwa mwezi ni kama pauni 1,980. Kodi ya mapato ni asilimia 20 ya kile kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka, halafu kuna bima ya taifa, asilimia 8 ya ziada hiyo hiyo. Mkononi unabaki na kama 1,720, na ukikatwa pensheni ya kazini inashuka tena. Hapo hujalipa chumba, umeme na gesi, nauli, chakula, wala hujaanza kuweka akiba ya ada za viza. Hiyo ndiyo hela inayotakiwa ijenge nyumba kwa mwaka mmoja, imsomeshe mdogo wako, na ichangie harusi mbili na msiba.

Nyumba inajengeka, jamani. Nyumbani wengi wamejenga bila mkopo, na nyote mnajua jinsi walivyofanya: mwaka huu kiwanja na karatasi zake, mwaka unaofuata msingi. Tofali zinafyatuliwa kidogo kidogo, kuta zinapanda mpaka kwenye lenta, boma linakaa, hela ikipatikana mnapaua. Madirisha, plasta na umeme vinafuata. Watu wakipita wanaliona boma, wanasema limekwama. Mimi nasema mwenye boma amemaliza kazi tatu kubwa, na ana haki ya kuzifurahia hata kabla ya bati. Ukiandika kwenye daftari lako “kujenga nyumba”, utasubiri furaha miaka mingi. Ukiandika “mpaka Desemba kiwanja kiwe kimepimwa na kimelipiwa”, hilo lina mwisho unaouona, na siku ukilikamilisha, mpigie mama simu mfurahi pamoja.

Na muda unaoupanga, uongeze. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake, watafiti wa Kanada, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu. Waliwauliza watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ukawa siku 34. Wakawauliza tena, je, mambo yakienda vibaya kabisa? Wakasema kama 49. Kumbe ilikuja kuwachukua zaidi ya 55. Hawa hawakuwa wanasubiri fundi, wala bei ya saruji haikuwahusu. Sasa wewe uliye mbali, unayejenga kwa kutumiwa picha kwenye WhatsApp, kwa nini ujibane na tarehe ambayo hata aliyepo kwenye saiti hawezi kuitimiza?

Kuna malengo mengine tunayasahau kwa sababu hayapigwi picha. Usingizi. Swala au ibada. Kuzungumza na watoto wako bila kuharakisha. Hapa mwezi wa Desemba jua linazama hata kabla ya saa kumi jioni, na ukifanya zamu za usiku unaweza kukaa siku kadhaa bila kuliona. Kwangu mimi kutembea nje mchana, hata nusu saa, ni lengo kamili, na nalithamini sawa na hela ya kiwanja. Pale University College London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliochagua jambo moja dogo la kufanya kila siku. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2010, yalionyesha kwamba jambo hilo lilizoeleka kwa kama siku 66, lakini wapo waliozoea kwa siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mazoea. Kwa hiyo ukikosa leo, kesho endelea, wala usijitukane.

La mwisho, na hili nawaomba sana mlichukue kwa upendo: hela ya nyumbani. Kaeni na wazazi, muwaambie ukweli wa mshahara, mkubaliane kiasi kimoja cha kila mwezi ambacho hata mwezi mbaya unakiweza. Dharura iwe na mfuko wake, mdogo tu, mnaochangia ndugu wote. Wazee wetu wanaelewa wakielezwa. Baba anayejua kwamba tarehe 5 kuna kiasi fulani kinaingia kwenye simu yake anaweza kupanga dawa na mbolea. Asiyejua atapiga kila wiki, na wewe utaanza kuogopa simu ya baba yako mwenyewe. Hilo linaumiza pande zote mbili.

Kwa mlio na daftari karibu, andikeni hatua moja tu ya mwaka huu na kiasi cha hela mnachoweza kukiweka kila mwezi. Kisha niandikieni mmefika wapi, kiwanja, msingi, lenta au bati, maana video ijayo nataka tuzungumzie kununua kiwanja ukiwa mbali, na nitaanza na maswali yenu.